Kuchora Safari ya Jamaa: Kazi Njema ya Watoto Wakati wa Likizo

Mazungumzo yetu ya leo ni kwa ajili ya watoto wa shule, lakini twawaomba baba na mama nao wakae karibu wasikilize. Na kama nyumbani yupo babu au bibi, hapana budi naye aitwe. Kwa maana kazi tutakayoieleza huanzwa na mtoto, lakini haimaliziki vema pasipo wazee.

Likizo ikifika, watu wengi husafiri. Baba aliyeajiriwa mjini huwachukua watoto wake kwenda kuwaamkia wazee wao. Mama huenda kumtazama ndugu yake aliyejifungua. Wengine huitwa arusini, wengine matangani. Hupanda basi, au gari la moshi, au mashua, na wengine huenda kwa miguu yao. Wahenga walisema, "Tembea uone." Neno hili ni kweli, lakini je, kila atembeaye huona? Mwulize mtoto aliyerudi jana kutoka safari ya siku mbili, "Umeona nini njiani?" Aghalabu atakujibu, "Tulipanda gari, tukalala, tukafika." Mtoto huyo hana kosa. Alipakiwa kama mzigo, akapakuliwa kama mzigo, wala hapana mtu aliyeyapa macho yake kazi ya kufanya.

Zamani alikuwako msafiri mkuu, jina lake Ibn Battuta, mtu wa Tangier katika nchi ya Moroko. Aliondoka kwao mwaka 1325, akazunguka nchi nyingi mno, na mwaka 1331 alifika pwani yetu, akaiona Mombasa na Kilwa. Aliporudi kwao baada ya miaka mingi, akamsimulia mwandishi habari za safari zake, na kitabu kikamalizika mwaka 1355. Lakini mtu awezaye kuyabeba mambo ya miaka hiyo yote kichwani mwake ni mmoja katika maelfu. Sisi tulio wengi, tusipoweka alama, twasahau. Basi leo twataka kuwafundisha watoto namna ya kuweka alama hizo kwa kuchora, nasi kazi hiyo tutaiita "ukanda wa safari".

Ukanda wa safari ni nini?

Mtoto akiambiwa, "Chora safari yenu," mara nyingi huchora gari moja, na jua moja juu yake, na watu wanne wenye mikono kama vijiti. Picha hiyo yaweza kuwa nzuri, lakini haisemi safari. Gari hilo laweza kuwa linakwenda Tanga, au Songea, au limesimama tu. Safari si kitu kimoja, ila ni mambo mengi yafuatanayo: hili kwanza, na lile baada yake. Kwa hiyo karatasi yake haifai kuwa ya mraba. Yafaa iwe nyembamba na ndefu, kama njia yenyewe ilivyo.

Jambo hili si jipya. Katika nchi ya Uingereza mtu mmoja, John Ogilby, alipiga chapa mwaka 1675 kitabu kikubwa chenye ramani 100 za barabara za nchi yake. Hakuichora nchi nzima mahali pamoja. Kila barabara aliichora peke yake katika kanda nyembamba, zilizopangwa ubavu kwa ubavu katika kila karatasi, na msafiri alianza chini ya ukanda wa kwanza, akapanda mpaka juu, kisha akashika ukanda wa pili. Barabara zilipimwa kwa gurudumu lililosukumwa kwa mkono, na kila maili moja ya nchi ikawa inchi moja katika karatasi. Kando ya njia alichora madaraja, makanisa, misitu na vijiji. Tena alikuwa na hila moja nzuri: mlima ambao msafiri ataupanda aliuchora umesimama, na mlima ambao atauteremka aliuchora kichwa chini. Watoto wetu wanaweza kuifuata hila hiyo pasipo taabu.

Vifaa vyake

Mzazi asiseme, "Mimi sina fedha za kununua rangi." Kazi hii haitaki fedha nyingi. Chukua karatasi 7 za daftari la zamani, zile ambazo upande mmoja hazikuandikwa. Zilaze, uziunge ncha kwa ncha kwa uji mzito wa unga wa muhogo, kila moja ikipanda juu ya mwenzake kwa upana wa kidole. Ziache kivulini zikauke, kwani zikianikwa juani zitajikunja. Karatasi ya daftari la kawaida ina urefu wa kama sentimita 20, basi utapata ukanda wa zaidi ya sentimita 125. Ukanda huo ukikunjwa kama mkeka huingia mfukoni.

Kalamu ya risasi moja yatosha. Ikiwa rangi zapatikana, ni vema; na ikiwa hazipatikani, tazama jikoni na uani. Kaa la moto lililozimika hutoa nyeusi. Manjano yaliyotwangwa na kutiwa maji kidogo hutoa rangi ya jua na ya nyasi kavu. Udongo mwekundu uliochujwa hufanya barabara na kichuguu. Majani mabichi yakisuguliwa juu ya karatasi huacha kijani, na buluu ya kufulia nguo hufanya mto na ziwa. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, hakungoja rangi za gharama kutoka mbali. Alichora wanyama na ndege juu ya mbao laini za kujengea kwa rangi za kupakia baiskeli, na leo namna yake ya kuchora hujulikana kwa jina lake katika nchi nyingi. Mkono ulio tayari hauchagui kifaa.

Kabla ya kuondoka

Kazi ya ukanda huanza siku mbili au tatu kabla ya safari. Hebu tuchukue mfano wa njia moja tuijuayo, yaani reli ya kati ya Tanzania, ile ya zamani, kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma. Urefu wake ni kama kilomita 1,250. Tukisema kwamba kila kilomita 10 za nchi zitakuwa sentimita 1 ya karatasi, basi reli yote itachukua sentimita 125, nasi ukanda wetu watosha. Mtoto apige mstari mmoja katikati, toka ncha hata ncha, kisha atie nukta za miji mikubwa. Morogoro itakaa karibu sentimita 20 kutoka Dar es Salaam, Dodoma kama sentimita 46, Tabora kama sentimita 84, na Kigoma mwisho kabisa. Kumbe hesabu zile alizozichukia darasani sasa zina kazi, naye atazifanya kwa furaha.

Je, Dar es Salaam iwekwe upande gani? Hapa mtoto afikiri kidogo. Dar es Salaam iko mashariki, ambako jua hutoka, na Kigoma iko magharibi. Tukitaka kaskazini ikae juu, kama ilivyo katika ramani za shule, Dar es Salaam itakaa mwisho wa mkono wa kuume wa karatasi, na safari itakwenda kuelekea mkono wa kushoto. Faida yake ni hii: vitu vyote vinavyoonekana katika dirisha la kulia la gari vitachorwa juu ya mstari, na vya dirisha la kushoto vitachorwa chini yake. Milima ya Uluguru, mathalan, iko kusini ya reli pale Morogoro; basi ni ya dirisha la kushoto, nayo itakaa chini ya mstari.

Wale waendao kwa njia nyingine wafanye vivyo hivyo kwa vipimo vyao. Msafiri wa basi atazame vibao vya kilomita kando ya barabara. Aendaye kwa miguu, au kwa mashua, apime kwa saa, upana wa kidole kimoja kwa kila saa moja. Kipimo chochote chafaa, maadamu hakibadilishwi katikati ya njia.

Njiani

Si vema mtoto achore ukanda wenyewe ndani ya gari, kwa sababu gari hutikisika na karatasi itachafuka. Awe na kijitabu kidogo, na humo atie alama fupi tu: jina la stesheni, saa, na kitu kimoja alichokiona. Jioni, au siku ya pili baada ya kufika, ndipo atakapohamisha mambo hayo katika ukanda.

Atazame nini? Mtoto akiambiwa, "Tazama kila kitu," hataona kitu. Tumpe mambo manne tu.

La kwanza ni maji. Kila mto, kila daraja na kila bwawa liwekwe. Kutoka Kilosa kwenda Gulwe reli ya zamani hufuata bonde la mto Mkondoa, ikipinda pale upindapo mto. Mtoto aulize, "Kwa nini reli haikunyoka?" Jibu ni kwamba gari la moshi haliwezi kupanda mteremko mkali, na waliojenga walitafuta njia ambayo maji yalikuwa yameikata zamani. Lakini aliyejenga karibu na mto hukaa karibu na hatari yake. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko yaliivunja reli katika sehemu hizo. Reli mpya iendayo kwa umeme, iliyoanza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, imetobolewa mahandaki katika milima ya Kilosa, na hiyo ndiyo sababu yaweza kwenda kwa kunyoka zaidi.

La pili ni kupanda na kushuka kwa nchi. Dar es Salaam iko kando ya bahari. Dodoma iko juu kwa zaidi ya mita 1,100, na Tabora kwa kama mita 1,200. Kisha nchi hushuka tena, na maji ya Ziwa Tanganyika yako juu ya bahari kwa karibu mita 770. Hapa ndipo hila ya Ogilby ifaapo: panapopandwa, kilima kisimame; panaposhukwa, kilima kigeuzwe.

La tatu ni mimea na mashamba. Minazi ya pwani haifiki mbali. Karibu na Kilosa kuna mashamba ya mkonge yenye mistari iliyonyoka kama ya daftari. Ugogo kuna mibuyu minene, na karibu na Dodoma hulimwa zabibu. Baada ya Manyoni ni vichaka vya Itigi, kisha miombo ya Unyamwezi, nchi ya nyuki na asali. Kigoma kuna michikichi, itoayo mawese. Mtoto akiichora miti hii saba au minane kwa zamu yake, atakuwa amejifunza jiografia ambayo mwalimu angeihubiri mwezi mzima.

La nne ni kazi za watu. Katika kila stesheni achore mtu mmoja tu afanyaye kazi: mama auzaye ndizi, kijana achukuaye mizigo, mzee mwenye madumu ya asali, mvuvi mwenye dagaa na migebuka. Mtu mmoja aliyetazamwa vizuri hushinda watu ishirini waliochorwa ovyo.

Tena kuna sharti moja ambalo twataka lishikwe kuliko yote. Mtoto asichore asichokiona. Ikiwa alilala kati ya Morogoro na Kilosa, mahali hapo katika ukanda pabaki peupe, naye aandike neno moja tu: "Nililala." Asiibe mlima kutoka katika kitabu cha mwenzake, wala asitie simba ili watu washangae. Mahali peupe si aibu. Baadaye mtaona ya kuwa mahali peupe pana kazi yake.

Mkono usiozoea

Watoto wengi husema, "Mimi sijui kuchora." Twawajibu kwamba kuchora ni kutazama kwanza, na mkono hufuata baadaye. Mlima ulio mbali mchore mdogo na kwa mstari hafifu. Mti ulio karibu mchore mkubwa na kwa mstari wa nguvu. Hapo karatasi itapata umbali pasipo uganga wowote. Mtu akikupa taabu, chora kwanza mstari wa mgongo wake. Aliyebeba mzigo mgongo wake umeinama, aitaye wateja amesimama wima, na mzee aliyeketi umepinda. Ukiupata mgongo, umempata mtu. Gari la moshi usichore magurudumu yote, kwani macho yako hayakuyahesabu. Chora behewa moja kwa uangalifu, na mengine yafuate kama visanduku.

Ukikosea, usifute mpaka karatasi itoboke. Pitisha mstari ulio bora kando ya ule wa kwanza, uendelee. Anayejifunza huacha nyayo.

Njia ya pili chini ya ukanda

Sasa twafika kwenye sehemu ambayo kwayo tuliomba wazee waitwe. Mtoto akimaliza ukanda wake, chini kabisa apige mstari wa pili, mwembamba, ulio sambamba na wa kwanza. Mstari huo ni wa babu yake au bibi yake. Auchukue ukanda, autandaze chini mbele ya mzee, aulize kwa adabu: "Babu, wewe ulipita njia hii mara ya kwanza lini? Ulikwenda na nani? Ulipita kwa nini? Mlilala wapi?" Majibu yachorwe katika mstari wa pili, kila jambo chini ya mahali pake.

Njia ya kwenda Kigoma ni ya kale kuliko reli. Kabla yake misafara ya wapagazi, na wengi wao Wanyamwezi, ilitembea kwa miguu kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, miezi kwa miezi, wakichukua pembe mabegani. Ujenzi wa reli ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo wamepita juu yake askari wa vita mbili, wafanya biashara, wanafunzi, wagonjwa, na vijana walioandikwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, ambao watu waliwaita manamba. Kila jamaa wa njia hiyo ana mtu wake mmoja aliyepita. Lakini habari hizo ziko vichwani mwa wazee, na mzee haulizwi kila siku.

Tutawasimulia jambo moja tulilolishuhudia. Miaka michache iliyopita tulifahamiana na jamaa mmoja wakaao Dar es Salaam, ambao asili yao ni sehemu za Kasulu. Likizo ya Desemba walikwenda kwao kwa gari la moshi, na binti yao wa miaka kumi alifanya ukanda kama tulivyoeleza. Alikuwa mtoto mwaminifu. Gari lilipita Morogoro usiku, naye alikuwa amelala, basi kabla ya Kilosa aliacha mahali peupe, akaandika, "Nililala."

Walipofika, ukanda ukatandazwa juu ya mkeka. Babu yake aliutazama kimya, akiufuata kwa kidole kutoka ziwani kurudi pwani. Alicheka alipomwona muuza ndizi, akasifu mibuyu. Kidole kilipofika pale peupe, kikasimama. Akauliza, "Mjukuu wangu, hapa pana nini?" Mtoto akasema, "Babu, sijui. Nililala." Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mimi napajua. Hapa ni Kimamba."

Ndipo akasimulia. Mwaka 1957, akiwa kijana, aliandikwa yeye pamoja na kaka yake kwenda kukata mkonge katika shamba moja la sehemu hizo. Walikwenda pamoja katika behewa moja, na kwa miezi kadhaa walilala chumba kimoja. Kisha masika yalipofika kaka yake alishikwa na homa, akafa siku ya nne, akazikwa huko huko. Babu alimaliza siku zake za kazi, akarudi peke yake. Mama yake alipomwona anashuka peke yake hakuuliza neno, na tangu siku ile habari hiyo haikuzungumzwa tena nyumbani. Baba wa yule binti alikuwa na umri wa miaka zaidi ya arobaini, naye alikuwa hajapata kusikia kwamba alikuwa na baba mkubwa.

Mtoto hakujua aseme nini, basi akafanya kile alichofundishwa. Akauliza, "Babu, kulikuwa na mti gani karibu?" Mzee akajibu, "Mwembe mmoja, na reli ilisikika." Akachora mwembe, na kilima kidogo cha udongo chini yake, na mstari wa reli kwa mbali, na chini yake akaandika jina aliloambiwa.

Likizo iliyofuata baba yake alishuka Kilosa, akaenda Kimamba, na ule ukanda mkononi. Wazee wa pale walimwonyesha mahali walipozikwa wafanya kazi wa zamani. Kaburi lenyewe halikujulikana, kwani hapakuwa na jiwe wala jina, na miembe ilikuwa mingi. Lakini alisimama pale, akawaombea wote waliolala pale, akampelekea baba yake habari. Twaambiwa kwamba mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Reli yasikika?" Akaambiwa, "Yasikika." Akasema, "Basi ni pale." Alifariki mwaka uliofuata. Lau mtoto angalijaza mahali pale mlima wa uongo, kidole cha mzee kingalipita, na habari ile ingaliingia kaburini pamoja naye.

Wasiosafiri

Huenda mtoto fulani anasikiliza akinung'unika, "Sisi hatuna nauli, likizo yote nitakaa hapa hapa." Tunamwambia, nawe una safari. Chora njia ya kutoka mlangoni kwenu mpaka kisimani, au mpaka sokoni, hatua 20 kwa upana wa kidole kimoja. Uulize kila shamba ni la nani, na kile kichochoro kiliitwaje zamani, na nani aliupanda ule mkwaju. Tumewahi kuona ukanda wa njia ya kisimani uliokuwa na mambo mengi kuliko ukanda wa njia ya kwenda Ulaya.

Au kaa na mgeni aliyefika kwenu, uchore safari yake kwa kumwuliza. Wewe utakuwa mwandishi, naye atakuwa Ibn Battuta.

Neno kwa wazazi

Kwanza, msicheke. Mtoto akichekwa kwa ng'ombe aliyefanana na mbuzi, hatachora tena, wala hatauliza tena. Pili, msimnyang'anye kalamu ili kumsahihishia. Mkono wake mwenyewe, hata ukiwa mbaya, ndio utakaomkumbusha. Tatu, akiuliza jina la mto nanyi hamlijui, semeni, "Hatulijui, tumwulize mwenyeji." Kusema hivyo si kupungukiwa heshima, bali ni kumfundisha ya kuwa kuuliza si ujinga. Nne, mzee akisimulia jambo zito, msimfukuze mtoto kana kwamba hafai kusikia, ila mzee mwenyewe akitaka. Na mzee asiyetaka kusema asilazimishwe; mahali pake pabaki peupe, naye pengine atasema mwaka mwingine.

Ukanda ukimalizika, andikeni nyuma yake tarehe, na majina ya wote waliosafiri, kwa maana picha isiyo na tarehe huwa yatima upesi. Uhifadhiwe ndani ya mwanzi uliozibwa pande zote mbili, ili mchwa na mende wasiupate. Mwaka ujao mtoto atafanya mwingine, nanyi mtaziweka pamoja na kuona nchi ilivyobadilika: stesheni mpya hapa, msitu uliokatwa pale, daraja lililochukuliwa na maji. Haba na haba hujaza kibaba. Kanda tano za miaka mitano ni kitabu cha jamaa, ambacho hakiuzwi dukani popote.

Basi, watoto wetu, likizo imekaribia. Tafuteni karatasi zenu, pikeni uji wa kuungia, na pigeni mstari. Tazameni kwa macho yenu, mchore mlichokiona, na pale mlipolala mwache peupe. Kisha mwende mkaketi mbele ya wazee, mfungue ukanda, msubiri kidole chao kitasimama wapi.

Kwaherini mpaka mazungumzo yajayo.